Pingili za Shingo: Umri na Jinsia Hubadili Nini

Kichanga ana pingili saba shingoni, yaani mifupa ya uti wa mgongo inayohesabiwa kutoka juu, na ajuza vilevile. Idadi haibadiliki, kinachobadilika ni umbo, ukubwa na uimara. Anayesoma eksirei bila kujua umri wa mgonjwa anaweza kuona mvunjiko usiokuwepo, au kuupita uliopo.

Tofauti kubwa zaidi iko kwa mtoto. Pingili ya pili ina kijiti cha mfupa kilichosimama wima, kiitwacho jino, na pingili ya kwanza hulizunguka jino hilo kichwa kinapogeuka. Mtoto huzaliwa jino likiwa limetenganishwa na mwili wa pingili yake kwa gegedu, tishu laini kuliko mfupa. Kwenye eksirei gegedu hiyo ni mstari mweusi, na ni rahisi kuudhania ufa. Kwa kawaida mstari hufunga kati ya miaka 3 na 6, ingawa ncha ya jino huungana baadaye, karibu na miaka 12.

Isitoshe, kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, misuli ya shingo ni michanga na kano zimelegea. Chini ya miaka 8, shingo hupinda zaidi kati ya pingili ya pili na ya tatu. Kwa mtu mzima ni kati ya ya tano na ya sita. Ndiyo maana ajali humuumiza mtoto sehemu ya juu ya shingo, na neva za uti wa mgongo zinaweza kujeruhiwa mifupa ikiwa mizima. Mtoto anayelalamikia ganzi au mikono kukosa nguvu asirudishwe nyumbani kwa sababu tu eksirei yake ni safi. Na akilazwa chali kwenye ubao mgumu, kisogo chake huisukuma shingo mbele. Inafaa kumwekea nguo iliyokunjwa chini ya mabega na kiwiliwili.

Wakati wa kubalehe, ukingo wa chini wa pingili ya pili hadi ya nne huanza kubonyea. Madaktari wa kupanga meno hutazama mbonyeo huo kukadiria ukuaji uliobaki, na wasichana huwatangulia wavulana.

Kwa watu wazima, pingili za wanaume kwa wastani ni pana na nene zaidi. Hata mwanamke na mwanamume wenye kimo sawa, shingo ya mwanamke huwa nyembamba na yenye misuli midogo. Nadhani jambo hili halizingatiwi vya kutosha: gari likigongwa kwa nyuma, wanawake huumia shingo mara nyingi zaidi.

Uzeeni diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, hukauka na vichomozo vya mfupa huota, hasa kuanzia pingili ya tano hadi ya saba. Wengi wenye vichomozo hivyo hawasikii maumivu yoyote. Linalotutia wasiwasi zaidi ni mifupa kupungua uzito, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Jino lile la pingili ya pili linaweza kuvunjika mzee akijikwaa tu na kuanguka. Akilalamika shingo baada ya kuanguka, asikandwe wala kunyooshwa. Atulizwe kichwa na apelekwe hospitali.