Je, wajua kwa nini geti la bandari husema "bado" hali ofisi yasema "tayari"?

Dereva amepaki Changamwe, Mombasa, tangu alfajiri. Ampigia karani wa klearing, yaani kazi ya kutoa mizigo bandarini, aliyeko mjini: "Kaka, mbona geti lakataa? Waniambia hamna oda ya kuchukua mzigo." Karani anatazama skrini yake. Oda ilitumwa jana saa kumi na moja jioni, alama ya kijani hii hapa. Basi nani mwongo? Hakuna.

Wengi hudhani kwamba kazi ya bandarini ikishaingia kwenye kompyuta, kila mtu anatazama daftari moja. Sivyo. Kontena likishuka Kilindini, bandari ya Mombasa, huandikwa katika madaftari yasiyopungua manne: la kampuni ya meli, la forodha chini ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), la Mamlaka ya Bandari, na la wakala wako wa klearing. Kila daftari lina mwenyewe, wala hakuna anayemruhusu jirani achovye kalamu ndani yake. Kinachofanyika ni kuandikiana barua. Mfumo wa wakala unaandika, mfumo wa bandari unapokea, unakagua, kisha unaandika kwake. Hapo tu ndipo geti hujua. Ile alama ya kijani ilimaanisha kwamba barua imetoka. Haikumaanisha kwamba imekubaliwa.

Barua hizi hazisomwi na binadamu, na hapo ndipo utamu unapoanza. Mtu akiona "Mombasa", "MSA", "Kilindini", hata "Mvita", anajua ni pale pale. Kompyuta haijui. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa una orodha ya bandari na miji, iitwayo UN/LOCODE, ambamo Mombasa yetu ni KEMBA: KE ya Kenya, MBA ya mji. Barua zenyewe pia zina mtindo wa kimataifa, UN/EDIFACT, uliotungwa miaka ya 1980, na kila aina ina jina lake. CUSCAR ni orodha ya shehena inayopelekwa forodha. CODECO hueleza kontena lililoingia au kutoka getini. Ofisi isiyotumia mtindo huu huweka mfasiri katikati, yaani programu inayopokea "MSA" upande huu na kutoa "KEMBA" upande ule.

Namba ya kontena nayo ina mlinzi wake. Chukua CSQU3054383. Ile 3 ya mwisho si sehemu ya jina, ni jibu la hesabu. Herufi hupewa thamani (C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32), kisha kila nafasi inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512. Jumla hapa ni 6185. Igawanye kwa 11, linabaki 3. Karani akipindua 5 na 4 katikati, linabaki 1, na mfumo unaikataa namba kabla haijamfikia mtu. Mimi hupenda ujanja wa namna hii, haumlaumu mtu na haumngoji meneja.

Tukiwa kwenye majina: mwaka 2005 forodha ya Kenya ilianza kutumia mfumo ulioitwa Simba, uliotokana na GAINDE wa Senegal. Kwa Kiwolofu gaïnde ni simba. Jina lilifasirika kwa neno moja. Kufasiri data ndiko kunakowatoa watu jasho.

Lakini gumu kuliko lugha ni kimya. Ofisi imetuma ombi la malipo, intaneti ikakatika kabla jibu halijarudi. Je, ombi halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani? Ukiwa upande huu huwezi kujua. Ukituma tena, huenda ukalipa mara mbili. Usipotuma, mzigo utalala na gharama zipande. Dawa yake ni kuipa kila barua namba yake, na kuirudia namba ile ile unapotuma tena. Upande wa pili ukiona namba uliyokwisha kuishughulikia, haufanyi kazi upya, unakupa risiti ile ile ya mwanzo.

Huenda umeshalipitia jambo hili simuni bila kulitambua. Unanunua kitu mtandaoni, kidirisha cha M-Pesa kinatokea kikitaka PIN. Mlango ambao Safaricom imewafungulia waandaaji programu unaitwa Daraja. Tovuti ya duka ikiugonga, hujibiwa papo hapo, ila jibu hilo lasema tu kwamba ombi limepokelewa, na linatoa namba ya kufuatilia. Habari ya pesa huja baadaye, kwa barua ya pili inayotumwa kwenye anwani iliyoachwa na duka: 0 maana yake umelipa, 1032 maana yake umeghairi. Fundi mwenye haraka huhesabu jibu la kwanza kuwa malipo. Hapo ndipo bidhaa hutoka bure.

Kwa hiyo kusubiri nako kuna namna mbili. Unaweza kupiga hodi kila dakika tano, "yashakuwa?", au ukaacha anwani uitwe yakiwa tayari. Fundi mzoefu hutumia zote mbili: anaacha anwani, na saa ikipita bila kuitwa, anakwenda kupiga hodi mwenyewe. Hodi tatu zikikosa mwitikio, hatua hiyo ya kazi isimame na iangukie mezani kwa mtu mwenye jina, iwe nyekundu, si kijani.

Ofisi ya karani wetu haikuwa na hatua hiyo. Barua yake ilirudishwa jana ile ile jioni, ikalala katika kisanduku ambacho hakuna aliyeambiwa akifungue. Kosa lilikuwa kwenye namba ya hati ya shehena: palipotakiwa sifuri pameandikwa herufi O. Namba hiyo, tofauti na ya kontena, haikuwa na mlinzi. Akaifuta O, akaweka 0, akatuma, na safari hii hakuitazama alama ya kijani. Alingoja risiti, kisha akampigia dereva: "Haya, jaribu tena."