Uonevu Shuleni na Afya ya Akili ya Vijana: "Atazoea" Si Tiba

Kila Januari hapa Tanzania, kidato cha kwanza wakisharipoti, ofisi za ustawi wa jamii hupokea malalamiko yanayofanana. Mzazi anafika na kijana aliyegoma kurudi bwenini, na swali lake la kwanza ni utaratibu wa uhamisho. Ukidodosa, unakuta mtoto alikuwa akiwafulia wakubwa nguo, sukari yake ya kwenye tranka wanakunywa wengine, na amepachikwa jina asilotaka hata kulitamka mbele ya mama yake. "Nilimwambia avumilie, hata sisi tulikuwa njuka (wanafunzi wageni)," mzazi anasema.

Kauli hiyo ndiyo inayotuchelewesha. Kijana anayeonewa mfululizo hakomai. Usingizi unampotea, darasani hashiki kitu kwa sababu anawaza kengele ya mapumziko, maksi zinashuka, na taratibu anaamini kwamba mwenye kasoro ni yeye. Sonona na wasiwasi uliopitiliza huingilia hapo. Ripoti ya 2019 ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilionesha kuwa karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja.

Wachache watakwambia wana huzuni. Watakwambia tumbo. Linauma Jumapili jioni, likizo halisikiki. Malaria inapimwa, haipo, taifodi, haipo, dawa ya minyoo anapewa, kisha anapelekwa kuombewa. Hatukatazi maombi. Tunaomba tu mtoto aulizwe pia analala karibu na nani bwenini, na kwa nini siku hizi hataki kwenda kuoga wenzake wakiwepo. Na akisema bora asingekuwepo duniani, au ukigundua anajiumiza, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Hayo si maigizo.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wananchi wanapokosea zaidi. Taarifa ipelekwe kwa mkuu wa shule kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Shule ikikaa kimya, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Kukiwa na majeraha au vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi; aliyejeruhiwa atapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Simu namba 116, ya kusaidia watoto, ni ya bure na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki ya mtoto kukiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo jirani na mpishi wa shule nao wanahusika.

Kuhusu mtandao: stika ya WhatsApp iliyotengenezwa kwa picha ya mwenzao ili kumdhalilisha si utani. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Usifute ujumbe kwa hasira. Piga picha ya skrini inayoonesha namba na tarehe, wala usiisambaze kwenye kundi la wazazi "ili wajue". Nawe unakuwa umeisambaza.

Wengine hunyamaza wakihofia mtoto wa jirani ataozea gerezani. Sheria ya Mtoto hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Shauri lake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, na huyo anayeonea wenzake mara nyingi naye anahitaji mnasihi.

Familia mbili kukaa na kulipana "ya soda" hakufungi shauri. Uhamisho nao haulifungi: mtoto akishahama, taarifa dhidi ya waliomwonea inaendelea kushughulikiwa, na mzazi anaweza kuitwa kutoa maelezo. Aje na nakala ya ile barua.