Kalunguyeye mzima bado anahitaji kujulikana ukoo

Wafugaji wengi wa kalunguyeye huamini kwamba dume na jike wakiwa wazima, wanakula vizuri na miiba imejaa, basi wanafaa kuzalishwa. Si kweli.

Kuna ugonjwa wa neva unaowayumbisha. Mnyama hushindwa kujikunja vizuri, miguu ya nyuma inalegea, anaangukia ubavu akielekea kwenye bakuli lake, na mwishowe anapooza. Hauna tiba, na unadhaniwa kuwa wa kurithi. Dalili mara nyingi huonekana kabla hajatimiza miaka 3, lakini jike huanza kuzalishwa akiwa na miezi 6 hivi, na mimba yake ni siku 35 tu. Anaweza kuwa na wajukuu kabla hajayumba hata siku moja. Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuchunguza ubongo na uti wa mgongo akishakufa.

Ndiyo maana ukoo hufuatiliwa. Muulize muuzaji: bibi na babu wa kalunguyeye huyu walikufa wakiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani? Ndugu waliozaliwa naye wako wapi? Akikuonyesha majina na rangi tu, mnyama huyo mpende, mlee, ila usimzalishe.