Jina la Ukurasa, Jina la Leseni na Jina Linalotokea Mteja Anapolipa

Zamani mwananchi aliyefika kwenye dawati letu la biashara hapa halmashauri alikuja kulalamikia jirani aliyeziba njia kwa makreti ya soda. Siku hizi anatoa simu. Ananionyesha ukurasa wenye picha nzuri, anafungua ujumbe wa muamala, halafu anauliza: "Afisa, huyu mtu nitampataje?"

Malalamiko ya namna hiyo yamekuwa mengi, ndiyo maana naandika. Nawaandikia wauzaji zaidi, kwa sababu wengi wanaolalamikiwa si matapeli. Ni wafanyabiashara wa kweli, wana mzigo, wana fremu, wengine leseni wanayo ukutani, ila ukiwatazama kupitia simu ya mteja huwezi kuwatofautisha na tapeli.

Mfano ni mama mmoja aliyekuja akiwa ameshikilia simu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Alikuwa amemwagizia binti yake cherehani, akatanguliza nusu ya bei. Alipotaka kulipa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu binafsi, tena si jina lolote lililoandikwa kwenye ukurasa. Aliuliza, akajibiwa "tuma tu mama, ni mtu wetu." Akatuma. Kesho yake ile namba ikawa haipatikani, na ikaendelea hivyo siku nne.

Nilitafuta jina la ukurasa kwenye orodha yetu ya leseni, halikuwepo. Nikatafuta jina la aliyepokea fedha, nalo halikuwepo. Kilichotusaidia ni picha ya tatu: nyuma ya cherehani ilionekana pembe ya bango la duka la dawa ninalolijua, maana karatasi zake zilipita mkononi mwangu. Tukaenda kwa miguu. Tukamkuta kijana ana leseni hai ukutani, kwa jina la tatu kabisa, lile alilosajili alipoanza biashara. Simu yenye laini ya ukurasa iliibiwa kituo cha daladala na hakuwa amerudisha laini. Cherehani ilikuwa pale pembeni, ndani ya katoni, na jina la mama limeandikwa juu yake kwa kalamu nene. Alikuwa anasubiri mama apige simu.

Majina matatu kwa biashara moja. Kila moja lina sababu yake na hakuna lililokusudiwa kumdanganya mtu. Ila mama alikuwa ameshalia siku nne.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni jina. Jina ulilosajili BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ndilo liwe kwenye leseni, ndilo liwe kwenye ukurasa, ndilo litokee mteja anapoingiza lipa namba yako, na ndilo liwe kwenye risiti. Ukitaka jina la kuvutia zaidi, sajili hilo la kuvutia. Kusajili jina la biashara kunafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA ukiwa na namba yako ya NIDA, na gharama yake ni shilingi 20,000: 15,000 za maombi na 5,000 za utunzaji, na hizo 5,000 utazilipa kila mwaka. Lipa namba ya biashara utaiomba kwa mtandao wako wa simu au benki ukiwa na kitambulisho, namba ya mlipakodi na leseni. Kupokea fedha za duka kwenye laini binafsi ya shemeji yako ndiko kunakomfanya mteja asite, na yuko sahihi kusita.

Hapa naomba tuelewane, maana nalieleza kila siku: kusajili jina BRELA si leseni. Namba ya mlipakodi nayo si leseni. Na kufungua ukurasa wenye wafuasi wengi hakukupi haki yoyote juu ya jina hilo. Leseni ya biashara inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Za kundi A zinatolewa na BRELA, za kundi B zinatolewa na halmashauri, na wengi wenu mnaouza nguo, vyombo, viatu na vipodozi mko kundi B. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa halmashauri uitwao TAUSI. Unafungua akaunti, unaingiza namba ya mlipakodi, unaambatisha hati ya kutodaiwa kodi kutoka TRA na mkataba wa pango au uthibitisho wa mahali unapofanyia kazi, unachagua aina ya biashara, unasubiri maombi yapitiwe, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa, leseni inatoka. Inadumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Kwa hiyo iliyotolewa Machi haiishi Desemba, na ile ya Septemba haihuishwi Januari. Ukichelewa kuihuisha kuna adhabu ya asilimia 25 ya ada, na asilimia 2 kwa kila mwezi unaoongezeka. Kila mahali pa biashara pana leseni yake.

"Lakini mimi sina fremu, nauzia nyumbani kwa simu." Hili nalisikia mara nyingi mno. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya fremu, inaangalia biashara. Ukinunua na kuuza kwa faida, mfululizo, unafanya biashara, hata kama mzigo uko chini ya kitanda.

Tuje kwenye ukurasa wenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao aeleze jina lake halali, mahali alipo, namna ya kumpata, sifa za bidhaa na bei kamili. Sasa chukua simu yako, fungua kurasa kumi, uhesabu ngapi zimeandika bei. "Bei njoo inbox" imekuwa kama salamu. Wauzaji wananiambia wanaficha bei ili washindani wasiione. Mshindani ataiona tu, atajifanya mteja. Anayeumia ni mteja wa kweli, ambaye anahisi atapangiwa bei kwa kuangaliwa picha yake ya wasifu. Andika bei, na gharama ya kusafirisha uitaje pembeni yake: ya bodaboda hapa mjini na ya mzigo wa basi kwenda mkoani.

Picha nazo zina uzito wa kisheria kuliko mnavyodhani. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Aliyenunua kupitia simu hakushika kitu, kwa hiyo picha yako na maneno yako ndiyo aliyonunua. Ukichukua picha ya gauni kutoka ukurasa wa kiwanda cha nje, ukaleta kitambaa kingine, umevunja mkataba hata kama ukurasa wako umeandika "mali ikiuzwa hairudishwi". Maneno hayo hayafuti haki ya mnunuzi, na kumpotosha mlaji kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Yuko dada mmoja muuza vitenge hapa mjini ambaye hupiga picha kila kipande kikiwa kimelazwa juu ya meza na futi ya fundi pembeni, namba zinasomeka. Kama kuna doa anazungushia duara jekundu. Wateja wake wa mikoani hawamuulizi maswali mengi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni skrinishoti. Mfanyabiashara anataka kuonyesha kwamba anaaminika, anaweka kwenye status picha ya muamala wa mteja: jina kamili, namba ya simu, kiasi, wakati mwingine na mtaa anaokaa. Wengine wanaanika mazungumzo. Wengine wanaweka picha ya mteja aliyechelewa kumalizia deni, na maneno makali chini yake. Nia nimeielewa, lakini hizo ni taarifa binafsi za mtu, naye alikupa ili umfikishie mzigo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Mtu binafsi anayetoa taarifa za mtu kinyume na lengo alilozikusanyia anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Deni linadaiwa kwa barua, kwa serikali ya mtaa au mahakamani. Ukitaka ushuhuda wa mteja, muombe, akikubali ufiche namba yake.

Wauza krimu na vyakula vya kufungasha, msisahau kwamba tangu mwaka 2019 usajili wa chakula na vipodozi uko TBS, yaani Shirika la Viwango. Krimu zenye zebaki au hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi, haziruhusiwi, na kubandua lebo hakusaidii.

Kuna pia upande ambao mfanyabiashara ndiye anayeumizwa: mtu anafungua ukurasa unaofanana na wako, anachukua picha zako, anabadilisha herufi moja kwenye jina na kuweka namba yake. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Usianze kwa kugombana naye kwenye maoni, atafuta kila kitu. Kwanza hifadhi ushahidi: anuani ya ukurasa, picha za matangazo, namba ya kupokelea fedha, tarehe. Kisha toa taarifa polisi, na namba inayotumika kutapeli itume kwenda 15040. Piga pia *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Ukiwa na cheti cha jina na leseni yenye jina lile lile la ukurasa, polisi hawatakuwa na kazi ya kujiuliza nani mwenye biashara.

Na simu ikiibiwa, rudisha laini siku hiyo hiyo. Ukurasa uwe na namba ya pili, na iwe inapokelewa.

Anayekuja kulalamika dawatini aje na ujumbe wa muamala, mazungumzo yote bila kufuta, na picha ya tangazo alilolifuata. Anayekuja kurekebisha jina aje na kitambulisho, cheti cha BRELA na leseni aliyonayo. Yule kijana wa cherehani alikuja Jumatatu iliyofuata na zote tatu, na ukurasa wake sasa una jina lile lile lililo kwenye bango la mlangoni.