Heliamu na Kuta za Vinu vya Muungano wa Nyuklia: Dhana Potofu na Ukweli

Jijini Dar es Salaam heliamu hujulikana zaidi kwa maputo ya sherehe na, tangu mwaka 2016, kwa habari za gesi iliyogunduliwa katika Bonde la Rukwa. Kwa kuwa haiwaki wala haiungani kikemia na metali, hata baadhi ya wanaosoma fizikia hudhani kwamba haiwezi kuidhuru.

Ukweli ni kwamba madhara yanatokana na kutoungana huko huko. Ndani ya kinu cha muungano wa nyuklia, viini vya deuteri na triti, yaani hidrojeni nzito, vinapoungana hutoa nyutroni yenye nishati ya MeV 14.1 (MeV moja ni elektronivolti, au eV, milioni moja) na kiini cha heliamu chenye MeV 3.5. Heliamu ikishapenya metali haikubaliki humo. Hutangatanga hadi inase penye pengo la atomi iliyokosekana, nyingine huifuata, na hatimaye huwa viputo vyenye shinikizo kubwa vinavyoivimbisha metali na kuifanya ngumu lakini rahisi kuvunjika.

Dhana nyingine ni kwamba tangsteni, isiyoyeyuka hadi nyuzi 3,422 za Selsiasi, haina cha kuogopa. Sifa hiyo ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo ya kuchaguliwa kwake katika ITER, mradi wa kimataifa wa kujenga kinu cha muungano wa nyuklia kusini mwa Ufaransa. Hata hivyo, uso wake ukiwa kati ya nyuzi 700 na 1,700 hivi, ayoni za heliamu (atomi zilizopoteza elektroni) zenye makumi machache tu ya eV huuotesha nyuzinyuzi nyembamba mno, mithili ya ukungu juu ya mkate uliolala. Cha kushangaza, nishati hiyo haitoshi kuing'oa atomi ya tangsteni kwa kuigonga. Ni heliamu iliyorundikana ndani inayoisukuma kutoka mahali pake.

Wapo pia wanaoamini kwamba ayoni hizo huifanya metali iwe na mnururisho. Kwa nishati ndogo kiasi hicho hazina uwezo huo. Kazi hiyo hufanywa na nyutroni.

Mwisho, jaribio la kupiga sampuli kwa ayoni za heliamu halilingani na miaka ndani ya kinu, kwa sababu hata ayoni za MeV 3.5 huishia mikromita chache tu ndani ya tangsteni, ilhali nyutroni hupenya kina chote cha ukuta na kuzalisha heliamu humo humo. Kwa hiyo baadhi ya maabara, kama ile ya Saclay nchini Ufaransa, huelekeza miale mitatu ya ayoni kwenye sampuli moja kwa wakati mmoja, ili kuiga kwa pamoja madhara ya nyutroni na ya gesi zinazozalishwa.