Fomu ya Philadelphia vijijini Uyui

Kila nikianza somo la uzee na ustawi wa jamii hapa Tabora, kauli ya kwanza darasani huwa ile ile: Wazungu wanawatupa wazee wao. Siwabishii. Nawauliza tu, makazi ya wazee ya Ipuli yako nchi gani? Wanacheka, kisha kimya, maana yako hapa hapa Tabora. (Huko Ulaya na Marekani nako wazee walio wengi wanaishi majumbani, siyo kwenye makazi.)

Ndiyo maana siupendi mtindo wa kuchomeka mhadhara mmoja wa "hali ilivyo nje" mwishoni mwa muhula. Japani wana bima ya matunzo ya wazee tangu 2000, wanaanza kuichangia wakiwa na miaka 40, haya, tukutane kwenye mtihani. Mwanafunzi anakariri, basi. Afadhali umpe kitu cha nje akitumie mpaka kimkwamie.

Mimi huwapa fomu ya Lawton na Brody ya 1969, iliyotoka Philadelphia. Inapima mzee anavyojimudu: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Wakifika nayo vijijini Uyui inaanza kupwaya. Bibi hajawahi kumiliki simu, lakini anachota maji, anapalilia karanga, na msiba ukitokea anakwenda kwa miguu na kukesha huko. Fomu haina pa kuyaandika hayo.

Kinachowashangaza zaidi ni kwamba kwa utaratibu wa awali wanaume hawakupimwa kupika, usafi wa nyumba wala kufua. Kumbe babu wa Marekani wa enzi zile na babu wa Sikonge, jikoni wote ni wageni!

Na ujuzi hauji kutoka nje tu. Kipimo cha IDEA cha kubaini dalili za dimensia (kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kimetokana na kazi iliyofanyika Hai, Kilimanjaro. Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, hawachoreshwi kitu kama kwenye vipimo vingine: wanapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Nikiwapa njiti hizo wanafunzi wangu, wanaelewa haraka kuliko kwa slaidi zangu zote.

Kazi yao ya mwisho ni kuiandika upya ile fomu. Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Kundi moja lilitaka simu ifutwe. Jingine likakataa katakata, kwamba hela za watoto walioko Dar zinaingia kwa simu, na mzee asiyeweza kuzitoa mwenyewe yuko mikononi mwa mjukuu. Simu ikabaki, ila imehamishiwa kwenye kipengele cha fedha.