Kupima saitokini: saa na tyubu kwanza, mashine baadaye

Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayoufanya mwili ujidhuru wenyewe) aliyechelewa kufika hospitali anaweza kusomeka TNF ya chini kabisa huku hali yake ikiwa mbaya. TNF ni saitokini, yaani protini ambayo seli za kinga hutumia kupashana habari. Mashine haijakosea. Watu wenye afya waliojitolea kudungwa endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) kidogo mshipani walituonyesha mpangilio wenyewe: TNF hufika kileleni dakika kama 90 baada ya sindano, IL-6, saitokini nyingine, huifuata kwenye saa 2 hadi 3, na ifikapo saa ya 6 TNF imekaribia kurudi ilikotoka. CRP, protini ya uvimbe ambayo ini huitengeneza kwa amri ya IL-6, wakati huo ndiyo kwanza inaanza kupanda. Mgonjwa wa kweli hafuati ratiba safi hivyo, kwa kuwa bakteria wanaendelea kuzaliana, ila kanuni ni ileile: kiwango kisichoandikiwa saa ya kutolewa damu hakisomeki. Andika pia saa dalili zilipoanza.

Tyubu ninayoitaka ni ya EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, yenye kifuniko cha zambarau. Seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, hulazimu damu igande kama nusu saa, na katika kuganda chembe sahani humwaga protini za CCL5, VEGF na TGF-beta zilizohifadhi ndani yake. Hapo unapima kuganda, si ugonjwa. Heparini, kizuia kuganda kingine, ikichafuliwa na endotoksini ina hila nyingine: monosaiti (aina ya seli nyeupe) huamka ndani ya tyubu na kutengeneza TNF na IL-6 ambazo mgonjwa hakuwa nazo.

Hata EDTA isikae mezani. Zungusha kwenye sentrifuji ndani ya saa moja kwa 1,500 g (mara 1,500 ya uvutano wa dunia), dakika 10. Ni g, si mizunguko kwa dakika, kwa maana sentrifuji hazilingani upana. Vuta plazma ya juu tu, usiguse tabaka jeupe la seli. Gawa maikrolita 200 kwa kila kitube ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu, kisha weka kwenye nyuzi -80. Friza ya kawaida inayojiyeyushia barafu yenyewe ni adui: joto lake hupanda na kushuka kila siku, hata umeme usipokatika.

ELISA, kipimo kinachonasa saitokini katikati ya kingamwili mbili, yenyewe haina miujiza. Sampuli maikrolita 100 kwa kila kisima, visima viwili viwili, saa 2, kingamwili yenye biotini, streptavidini yenye kimeng'enya, TMB (kemikali inayogeuka rangi) gizani, asidi ya kusimamisha, kisha soma kwenye nanomita 450. Seti za kipimo zinatofautiana, fuata karatasi ya seti yako. Visima vya pembeni vikisoma juu kuliko vya katikati, tafuta joto lisilo sawa au kifuniko kilicholegea. Rangi ikijaa hata kwenye kisima kisicho na sampuli, kagua upya taratibu zako za kuosha.

Tatizo kubwa zaidi ni kuzimua. IL-6 ya mgonjwa mmoja inaweza kuwa pikogramu 20 kwa mililita, ya jirani yake 5,000, na mchoro wa viwango rejea wa seti nyingi huishia mamia tu. Usiurefushe kwa kukisia. Pima kila sampuli kwa 1:2 na 1:20. Ukizidisha kila jibu kwa kiasi ulichozimua na majibu mawili yakapishana zaidi ya asilimia 20, kuna kitu kinaingilia. Mara nyingi ni rumatoidi fakta, kingamwili inayoshika kingamwili nyingine, ambayo huonekana pia kwa wagonjwa wa malaria: huunganisha kingamwili mbili za seti bila saitokini yoyote kati yake. Kuongeza IgG (kingamwili) ya panya kwenye maji ya kuzimulia husaidia sana. Kwa TNF kosa linaweza kwenda upande wa pili, kwani vipokezi vyake vinavyoelea kwenye damu huificha isionekane.

Kabla ya kutoa majibu, uliza kama mgonjwa amepewa tosilizumabu. Dawa hii hufunga kipokezi cha IL-6, hivyo saitokini inakosa njia ya kuondolewa na kiwango chake hupanda hata homa ikishuka. CRP nayo huanguka kwa sababu amri ya kwenda kwenye ini imekatwa, hata kama bakteria bado wapo.